Barua ya wazi: Rudisheni majibu ya mate yetu kwanza

Kwako Mheshimiwa mwenye dhamana ya utafiti wa afya,

Shikamoo. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wilayani Kasulu. Miaka mitatu nimenyamaza. Alhamisi iliyopita nimeshindwa.

Asubuhi hiyo tulimpandisha mtoto wa dada yangu kwenye bodaboda, tukamfunga kiunoni kwa kanga, nami nyuma nimemkumbatia mpaka hospitali. Siku nne hajalala, anaita watu tusiowaona. Dawa yake zahanati ilikwisha tangu mwezi uliopita. Narudi jioni nimechoka, nakuta gari uani na deli limejaa vichupa vipya. Watafiti wanataka mate yetu tena, wapime vinasaba.

Mheshimiwa, awamu ya kwanza ya utafiti huo ni mimi niliyewashawishi akina mama watoe mate. Nilipita nyumba kwa nyumba, kwa wazawa na kwa waliotoka Burundi wakaolewa hapa. Niliwaeleza epijenetiki kama nilivyofundishwa: vinasaba ni kama magunia ghalani, na mwili huyawekea alama kama za chaki, lipi lifunguliwe, lipi lisubiri. Gunia halibadiliki, alama ndiyo hubadilika. Njaa na hofu za mama mjamzito zinaweza kuonekana kwenye alama za mwanawe. Nikawapa mfano wa Uholanzi, ambako watu waliotungwa mimba wakati wa njaa ya 1944 na 1945 walikutwa na alama tofauti miaka sitini baadaye. Nikawaambia hata Goma, kwa jirani zetu wa Kongo, watafiti walieleza mwaka 2012 jinsi mateso ya mama vitani yalivyoendana na alama kwa vichanga.

Wakanielewa. Bibi mmoja alikaa nusu saa bila kula wala kunywa kama alivyoagizwa, kinywa kikakauka, akahangaika na kichupa mpaka mate yakafika mstari. Huyo mtoto wa dada yangu naye alitoa.

Tuliahidiwa, mbele ya watu, kwamba majibu yatarudi kijijini ndani ya mwaka mmoja. Labda fedha za mradi zilikwisha, labda yamelala kwenye kompyuta ya mtu. Sijui. Najua kwamba nikienda kisimani naulizwa: "Mama, mate yetu yalisema nini?" Bibi yule alifariki akiwa bado anauliza.

Sipingi utafiti. Najua pia mate si ubongo, alama za kwenye mate si lazima zifanane na za ubongoni, na alama peke yake haisemi nani ataugua. Basi mje mtuambie hivyo hivyo, kwa Kiswahili na kwa Kiha, kwa sababu wapo waliodhani wamekutwa na laana ya ukoo na sasa wanawaficha mabinti zao.

Nilitaka kuomba mengi, dawa zikiwemo. Leo naomba hili moja: usisaini kibali kipya kabla watafiti wale wa kwanza hawajarudi na majibu. Kikao kimoja tu, chini ya mwembe wa zahanati. Mikeka nitaleta mwenyewe, na watu nitawaita mimi, kama nilivyowaita mara ya kwanza.

Mhudumu wa afya, Kasulu, Kigoma