Barua kwa Mwalimu Nekesa kuhusu Nafasi za Tarakimu

Kisumu,
Jumapili jioni.

Mpendwa dada Nekesa,

Pokea salamu nyingi kutoka Kisumu. Sisi huku tu wazima, na ni matumaini yangu kwamba nyote huko Kakamega hamjambo. Nimefurahi kusikia kwamba muhula ujao utafundisha hesabu katika Gredi ya Nne. Kwa kuwa umeniuliza uanzie wapi katika thamani ya nafasi za tarakimu, tangu nambari kamili hadi desimali, nimeona heri nikuandikie kwa kirefu kuliko kukujibu haraka kwa simu.

Jambo ambalo ningekuomba ulishike kabla ya mengine yote ni kwamba kanuni ni moja tu: kila nafasi ina thamani mara kumi ya nafasi iliyo upande wake wa kulia. Watoto wakifundishwa nambari kamili leo na desimali baadaye kana kwamba ni mada mbili zisizojuana, nukta huwatisha bure.

Anza na vijiti, hata kama wanafunzi wako watajiona wakubwa. Wavifunge kumi kumi, na mafungu kumi yafanye fungu moja la mia. Kisha waambie waandike mia nne na saba. Ukiona mtoto ameandika 4007, usimkemee, kwa maana ameandika alichokisikia: mia nne, halafu saba. Mpe vijiti, aweke mafungu manne ya mia pamoja na vijiti saba, kisha umuulize ana mafungu mangapi ya kumi. Akijibu kwamba hana hata moja, hapo ataona mwenyewe kazi ya sifuri. Wafundishe pia kufungua mafungu, maana mtoto aliyezoea kuifungua mia ikawa makumi kumi, na kumi ikawa mamoja kumi, hatashangaa ukimwambia kwamba moja nayo hugawanyika mara kumi.

Hapo mimi huviweka vijiti kando na kuchukua mita. Walimu wengi hutumia pesa, lakini watoto wa leo hawashiki senti mikononi, na tena bei ya shilingi 12.75 huwafanya waone nambari mbili kamili zilizotenganishwa na nukta. Kata ukanda wa karatasi ya manila wenye urefu wa mita moja, waukate vipande kumi vilivyo sawa, kisha kipande kimoja wakikate tena mara kumi. Sasa wana sehemu za kumi na sehemu za mia wanazoweza kuzishika.

Baada ya hapo watoe uwanjani. Mwaka 2015, kule Beijing, Julius Yego alirusha mkuki umbali wa mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia. Wapime umbali huo kwa utepe. Tarakimu 2 imo mara mbili katika nambari hiyo: ya kwanza ni mita mbili, hatua ndefu za mtu mzima, ya pili ni sentimita mbili, ambazo kidole gumba chaweza kuzifunika. Waulize ya kwanza ni mara ngapi ya ile ya pili. Wakipata mia moja kwa kupima wenyewe, umefika mbali. Sekunde 9.77 za Ferdinand Omanyala katika mita 100, jijini Nairobi mwaka 2021, zinafaa pia, ila jihadhari na mbio zinazopimwa kwa dakika, kwa sababu dakika hugawanywa kwa sitini.

Wasome 9.77 kama tisa nukta saba saba, kamwe si tisa nukta sabini na saba. Usomaji huo wa pili ndio unaowafanya waamini kwamba 0.125 ni kubwa kuliko 0.5. Vilevile, naomba sana usiwaambie kwamba kuzidisha kwa kumi ni kuongeza sifuri mwishoni, kwa maana 3.4 itakuwa 3.40, na thamani haijabadilika hata kidogo. Waambie kwamba kila tarakimu husogea nafasi moja kushoto, wapate 34.

Mtoto mmoja atakuuliza mbona kuna sehemu za kumi na za mia lakini hakuna sehemu za moja. Lifurahie swali hilo. Mwonyeshe kwamba kitovu ni mamoja wala si nukta: makumi yako kushoto kwake na sehemu za kumi kulia, mamia yako mbele kidogo na sehemu za mia vivyo hivyo upande wa pili.

Kabla hujafundisha lolote, waulize ni ipi kubwa kati ya 0.5 na 0.125, nawe uniandikie walivyojibu na sababu walizotoa. Majibu hayo yatatuonyesha wiki ngapi uzitenge kwa vijiti na ngapi kwa mita.

Nisalimie mama na watoto.

Wako akupendaye,
Achieng