Mama, Swaleh Sikumwacha

Maskati, 9 Februari 1991

Mamangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillahi. Kazi nimepata na chumba ninacho. Barua ya kaka Athmani imenifikia, nimeisoma mara tatu, na usiku ule sikulala.

Anasema nilipanda ndege na wakubwa nikamwacha shemeji Swaleh, tena pesa zake nikazitia mfukoni. Maneno hayo kayasema mbele ya dada Zuhura. Basi na haya yangu yasomwe mbele yake.

Vita vilipopamba moto Mogadishu mwisho wa Desemba, Swaleh alikuwa dukani Hamarweni, mimi jikoni kwa tajiri wangu, upande wa Kilomita Nne. Siku zile kuvuka barabara moja ilikuwa ni kuitoa roho. Nilimtuma mlinzi mara mbili. Mara ya kwanza alirudi na karatasi ya Swaleh: "Nakuja kesho." Mara ya pili mlinzi mwenyewe hakurudi. Namwombea kila nikisali.

Tajiri aliposema sote tukimbilie ubalozi wa Marekani, nilichukua mkaa nikaandika ukutani, kando ya mlango wa jikoni: SWALEH, TUKO KWA WAMAREKANI, NJOO. Kule uani kwa ubalozi nilikaa karibu na geti hata askari akanifukuza, risasi zilikuwa zinapita juu ya ukuta.

Asubuhi ya tarehe 5 Januari zikaja helikopta mbili kubwa. Meli za Wamarekani bado zilikuwa mbali sana, kwa hiyo ziliruka usiku juu ya bahari zikitiwa mafuta huko huko angani. Zilishusha wanajeshi, zikaondoka na watu 61. Mke wa tajiri alinishika mkono twende. Nikamwambia nangoja mtu. Hilo Athmani halijui.

Usiku zikaja nyingine ndogo, kwa mafungu manne. Taa zote za ubalozi zimezimwa, marubani wamevaa miwani ya kuonea gizani. Tukapangwa mstari, kila mtu kashika nguo ya aliye mbele yake. Mbele yangu alikuwa balozi, Mama! Mwanao kamshika balozi koti. Upepo wa mapangaboi ukanijaza mchanga machoni. Nikageuka kulitazama geti. Hapakuwa na mtu. Nikapanda.

Tukapelekwa melini, jumla yetu watu 281 wa mataifa 30, Warusi na Wamarekani katika safari moja, na mimi mpishi kutoka kwetu nimo. Tarehe 11 tukashushwa hapa Maskati. Ya melini sina haja ya kuyaeleza.

Huku Kiswahili kimejaa, hasa cha Unguja. Siku ya pili mzee mmoja wa Matrah alinisikia nikiuliza njia, akasema, "Wewe wa Mombasa, mtaa gani?" Nikashindwa kujibu, machozi yalinitangulia. Sasa napikia nyumba ya watu wakubwa, na wiki iliyopita wageni walimwita mpishi sebuleni wamshukuru kwa pilau. Ni ile ile yako, Mama, sikubadilisha kitu.

Aliyekuletea barua hii amebeba bahasha mbili. Yenye riali 30 ni yako. Yenye dola 200 ni ya Zuhura, ndizo alizonipa Swaleh mwezi wa Novemba nimpelekee. Nilivuka nazo ndani ya soksi na haijapungua hata moja. Zihesabiwe mbele ya shangazi. Athmani asizitaje kwa habari ya mabati yake. Ya mabati tutazungumza mimi na yeye, na kwanza aniombe radhi.

Nasikia majahazi ya watu wanaokimbia Somalia yanafika hapo kwetu. Tafadhali, Zuhura asingoje nyumbani, aende bandarini kila chombo kikiingia, na Athmani afuatane naye. Swaleh amekonda na amefuga ndevu, msimtafute kwa sura ya picha ya harusi. Ulizeni Swaleh wa saa, wa Hamarweni. Watu wa kule wote wanamjua kwa jina hilo.

Mwanao,
Hamisi