Risala ya walimu kwa mgeni rasmi, siku ya kufunga mafunzo ya teknolojia shuleni

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi ya shule, mwalimu mkuu, wazazi, walimu wenzetu na wanafunzi wetu wapendwa,

Kwa heshima na taadhima, sisi walimu tunaohitimu mafunzo haya tunakukaribisha. Umeacha kazi nyingi ili uje utusikilize, kwa hiyo tutaanza na lililo moyoni mwetu: mwalimu aandaliwe kabla mashine hazijafika.

Mheshimiwa, haya yametukuta. Kompyuta zetu za kwanza zilipoletwa tulizipokea kwa vigelegele. Wiki chache baadaye zilikuwa kabatini. Mwalimu aliogopa kubonyeza asije akaharibu mali ya shule, na aliogopa zaidi kuulizwa swali na mtoto anayeijua simu janja kuliko yeye. Hofu hiyo haisemwi vikaoni. Leo tunaisema mbele yako kwa sababu tunaamini ndiyo iliyolifunga kabati lile.

Siku ya kwanza ya mafunzo hatukugusa kompyuta hata moja. Tulipewa kadi 5 zenye nukta 1, 2, 4, 8 na 16. Kwa kufunua hizi na kufunika zile, tuliweza kuonyesha kila namba kuanzia 0 hadi 31. Hivyo ndivyo kompyuta inavyohesabu, na mwalimu ambaye darasa lake halina umeme anaweza kulifundisha somo hilo kesho asubuhi. Kisha tukaingia kwenye Scratch, lugha ya programu iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007 kwa ajili ya watoto wa miaka 8 hadi 16. Mtoto hupanga vitofali vya rangi, paka kwenye skrini akatembea. Asipotembea, mtoto hurudi nyuma kutafuta alipokosea. Ikishasakinishwa, haihitaji intaneti.

UNESCO ilitoa mwongozo wa stadi za TEHAMA kwa walimu mwaka 2008, na toleo la 2018 linataja stadi 18 katika ngazi 3. Kwa ukweli, wengi wetu bado tuko ngazi ya kwanza: tunachapa mitihani na kujumlisha alama. Tunakotaka kufika ni huku: wanafunzi wapande mbegu za maharage, nyingine juani na nyingine gizani, wapime urefu wa miche kila siku, waingize vipimo kwenye lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta linalokokotoa, na kuchora grafu. Wataona mche wa gizani umerefuka kuliko wa juani, tena umepauka. Hapo ubishi utaanza, na dakika zilizokuwa zikiliwa na kuchora mistari kwa rula zitatumika kuuliza kwa nini.

Kuhusu akili mnemba, hatuwezi kunyamaza. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali kwa maandishi, ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, insha safi inaweza kupatikana kwa dakika moja, na ndani yake kikatajwa kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa. Kuipiga marufuku tu hakutoshi, maana mtoto ataikuta nyumbani. Tumekubaliana kwamba mwanafunzi atakayeitumia ataje alipoitumia, ahakiki madai yake vitabuni, na aweze kuitetea kazi yake kwa mdomo mbele ya darasa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hatukuombi kompyuta zaidi leo. Tunaomba muda: kipindi kimoja kila wiki, kilichoandikwa kwenye ratiba, walimu tukae pamoja tufanye mazoezi na kusahihishana. Ujuzi wa mafunzo ya siku chache husahaulika usipotumiwa. Tunaomba pia fundi wa kudumu na fungu la vipuri, kwani kibodi moja iliyokufa huwaacha wanafunzi wawili wakitazama wenzao. Na tunaomba vipokea sauti vya masikioni kwa wanafunzi wetu wasioona. Programu ya NVDA, inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, hutolewa bure. Kilichobaki ni kifaa cha kusikilizia na mwalimu aliyefundishwa kuitumia, na mwalimu huyo tayari tunaye.

Kabati lile sasa liko wazi, na funguo anazo mwalimu wa zamu. Tunakualika, baada ya hafla hii, upite darasani uone wanafunzi wakifanya kazi.

Tunaomba kuwasilisha.