Manowari zikija Kilindini, wapelekeni mabaharia Gede

Mhariri,

Manowari ya kigeni ikitia nanga Kilindini sisi watu wa Mombasa tunajua mara moja, mji unajaa vijana wa jeshi wanatembea makundi makundi, na ziara yao siku zote ni ile ile, basi linawashusha Fort Jesus, wanapiga picha na mizinga, halafu huyooo Nyali bichi. Fort Jesus siikatai. Wareno walianza kuijenga 1593 na mle ndani kuna michoro ya meli waliyoichora wenyewe ukutani, yaani baharia wa leo anasimama mbele ya mkono wa baharia mwenzake aliyekuwa mbali na kwao kama yeye, lakini wanapitishwa mbio hata hawaioni!

Ombi langu kwa wanaopanga hizi ziara ni Gede, yale magofu ya mji wa kale wa Waswahili kule karibu na Malindi. Wanamaji wa India, China na Italia wote wamewahi kuteremka hapa kwetu, na wote wana kitu chao pale, maana mwanaakiolojia Kirkman na wenzake walipoanza kuchimba 1948 nyumba walizipa majina ya vitu walivyokuta ndani, iko ya Taa ya Chuma iliyotoka India, iko ya Pesa za Kichina, iko ya Ushanga wa Venice, mji wa Italia. Hebu fikiria kijana wa Kichina ametoka kwao miezi kadhaa anaambiwa pesa za kwao zilifika hapa kabla ya Mreno. Halafu aende msikiti mkuu aone mkuki uliochongwa juu ya mlango, aone kisima pale pembeni, kisha lile kaburi lenye tarehe, mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Na tangu 2024 UNESCO imeiweka Gede kwenye urithi wa dunia, sasa tunangoja nini?

Najua watasema ni mbali. Ni kweli foleni ya Mtwapa inachosha, lakini wakitoka alfajiri wanafika kabla jua halijakaza na jioni wako melini, siku nzima si nyingi kwa mtu aliyevuka bahari. Tena wachukue watembezaji wa pale pale Gede na wawalipe vizuri, hao ndio wanaojua kila ukuta. Ila wageni waambiwe mapema, wangali ndani ya basi, wasipande juu ya kuta kutafuta picha, lile ni jiwe la matumbawe la zamani, likimeguka halirudi.

Msomaji wenu,
Kizingo, Mombasa