Shukrani kwa dada uliyeshukia Uyole

Dada, jina lako sikuuliza. Ulipanda Coaster pale Tukuyu. Nilikuwa nampeleka mama Mbeya mjini kwa matibabu ya saratani ya mlango wa kizazi, na nyuma yetu majirani walinong'ona kwamba ugonjwa ule haumpati mwanamke aliyetulia. Mama alijifunika khanga usoni.

Uligeuka. Hukugomba. Uliwaeleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya viazi, kwamba karibu saratani zote za aina hiyo hutokana na virusi vya HPV. Kwamba watu wengi waliowahi kujamiiana huvipata wakati fulani, mara nyingi huisha vyenyewe, ila vikibaki huchukua miaka mingi kuleta saratani. Hata mwanamke wa mume mmoja huugua. Ukauliza, "Na huyo mume mbona hamumtaji?" Konda akacheka. Majirani kimya.

Kisha ukamwambia mama kwamba wewe mwenyewe ulipimwa mlango wa kizazi kwa kupakwa siki, ukakutwa na dalili za awali, ukatibiwa mapema. Kulisema hilo ndani ya basi, kwetu Rungwe! Ukimwi siku hizi tunautaja hadharani. Hili bado linasemwa chooni.

Mama ameanza matibabu na uso hafuniki tena. Mdogo wangu amekwenda kupima, na binti yake amechanjwa dhidi ya HPV: sindano moja, bure, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mama anakusalimu sana. Anasema kwa Kinyakyusa: ndaga fijo, asante sana.