Kidari cha Houston na kidari cha Magomeni

Magomeni, Jumapili jioni

Kaka Salehe,

Salaam sana. Huku sote wazima, mama mguu umepona na anakusalimia. Maelekezo yako ya kidari cha moshi uliyonitumia kutoka huko Houston nimeyafuata mara tatu, na mara mbili za kwanza nimewalisha majirani kandambili. Nimelifikiria sana jambo hili, na naona kosa halikuwa langu. Kosa ni la kidari.

Wewe umeandika: nenda buchani, chukua kidari kizima cha kilo 5 au 6, usikikate. Kaka, umesahau ulikotoka? Nilipotaja kidari kwenye bucha ya hapa mtaani, jamaa hakuniuliza neno. Alishusha pande lililoning'inia, akalilaza kwenye gogo, shoka likalia ta-ta-ta, na kabla sijafungua mdomo nilikuwa na kilo 2 za vipande vya ukubwa wa ngumi, mbavu humo humo, chenga za mfupa juu. Nikamwambia nilitaka kizima. Akanitazama kama nimemwomba amfufue ng'ombe. Kwake nyama ni aina mbili, steki na mchanganyiko, basi. Vipande vile nilivipa saa 4 ndani ya pipa langu la moshi, vikatoka kama magome.

Mara ya pili nikajifanya tajiri, nikaenda supamaketi moja kule Masaki. Huko kidari kipo, kimefungwa kwenye nailoni na kuandikwa kwa Kiingereza. Lakini mafuta yote wameyaparura, na wamebakiza ule upande mwembamba tu. Ule mnene wa juu, unaousifia wewe, sijui walimpa nani. Unene wake vidole viwili! Kano zinataka moto mdogo wa muda mrefu ndipo ziachie, ila nyama isiyo na mafuta ya kuikinga inakauka kabla hazijaachia. Saa 12 zako zilikuwa za kidari chako. Hiki kilikuwa soli kufikia saa ya 6.

Basi mara ya tatu niliamka saa kumi alfajiri, huyo machinjioni Vingunguti. Sikutaja jina la nyama hata moja. Nilionyesha kwa kidole: anzia hapa katikati ya miguu ya mbele, mbavu zitoe kwa kisu, shoka liweke pembeni. Jamaa alicheka, lakini alikata. Kilo 3 na robo tu, maana huyu zebu wetu, ng'ombe wa nundu, hana kifua cha hao wenu wanaonenepeshwa kwa mahindi na kuchinjwa wakiwa na mwaka na nusu au miwili. Wa kwetu ametembea malishoni miaka, mafuta kidogo, kano zimekomaa. Tena amechinjwa usiku na asubuhi yuko sokoni, nyama bado imekaza. Nikaiacha kwenye friji siku 3 kabla ya kuigusa kwa chumvi, na nadhani hilo lilinisaidia kuliko moshi wenyewe.

Sasa sikia. Yule mkataji alipojua nataka kitu cha kupika polepole, akaniuliza, "Mzee, kama unatafuta mafuta, mbona hutaki nundu?" Nikaona aibu. Maisha yangu yote nalitazama nundu likitikisika mgongoni mwa ng'ombe, sikuwahi kuliwaza kwenye moshi. Mafuta yake yamepita ndani ya nyama yenyewe, nyuzi kwa nyuzi. Nilichukua la kilo 2, nikaliweka pembeni ya kidari, kuni za mwembe, moto wa chini mchana kutwa. Kidari kilikuwa kizuri, sikunyimi sifa zako. Ila nundu liliisha kabla mimi mwenye pipa sijakaa chini. Wabrazili wao wanalijua zamani, wanaliita cupim.

Kwa hiyo ukituma maelekezo mengine, usiniandikie jina na kilo. Niandikie inakaa wapi kwenye ng'ombe, unene vidole vingapi, mafuta yako upande gani. Na hizo nyuzi joto 203 zako za Fahrenheit zilinitisha, nikadhani unayeyusha bati, mpaka binti yangu aliponifafanulia kuwa ni 95 za huku, za Selsiasi. Ukija Desemba niletee hicho kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama, mimi bado napima kwa kijiti cha mshikaki. Nundu nitakuwa nimeshaagiza.

Ndugu yako,
Juma