Barua kwa vijana wakata mawe wa Manda Maweni: angalieni vifua vyenu

Wanangu wa Maweni, asalaam aleikum, na wale wasio Waislamu hamjambo nyote, maana najua hapo kwenu kuna Mgiriama kuna Mjaluo kuna Mluhya na Mbajuni pia, na wote mnavuta vumbi moja.

Mimi ni mzee wa hapa Lamu mjini, nimezaliwa ndani ya nyumba iliyojengwa kwa mawe ya kisiwa chenu cha Manda na huenda nikafia humo humo. Naandika kwa sababu nina deni kwenu. Mnakumbuka vile tulivyopigana na kile kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe walichotaka kukijenga pale Kwasasi, huku kwetu Lamu, megawati 1,050, tukaandamana tukaenda mahakamani mpaka Juni 2019 leseni ikafutwa. Mimi nilikaa mikutano mingi sana ya jambo hilo. Siku moja mgeni akatuonyesha picha ya mapafu ya mtu aliyechimba makaa ya mawe, meusi tititi, magumu, akatwambia huyu mtu hakuvuta moshi wa kiwanda, huyu alivuta vumbi la kazi yake mwenyewe. Jioni yake navuka na boti nawaona nyinyi pale machimboni, nywele nyeupe kope nyeupe, kijana wa miaka 20 anafanana na mzee mwenzangu, na roho ikaniuma kweli. Miaka yote ile tunapigania hewa ya Lamu isichafuliwe, hewa ya Maweni hakuna aliyeitaja, hata mimi sikuitaja.

Na mimi ndiye wa kwanza niliyepaswa kujua. Kaka yangu alikata mawe na kuchoma chokaa tangu ujana, tanuri kwa tanuri, anapanga magogo anapanga mawe juu anachoma siku mbili tatu, halafu ile chokaa anaizoa kwa mikono, vumbi lake ukilivuta linachoma mpaka ndani ya koo. Akaanza kikohozi cha asubuhi, sisi tukasema ni baridi ya kusi. Halafu akawa akipanda ngazi za darini anasimama katikati ashike ukuta. Tukampeleka hospitali moja wakampa dawa za kifua kikuu, akazimaliza, hakupata nafuu, wakampa tena mara ya pili, na katika miaka yote hio hakuna hata daktari mmoja aliyemuuliza baba wewe ulikuwa ukifanya kazi gani. Mwisho alikuwa halali tena, anakaa kitini usiku kucha ameinamia mto, maana akilala chali pumzi inakata. Amekufa amekaa. Mungu amrehemu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Lile vumbi mnaloliona, lile la kujaa puani na mdomoni, hilo mwili unajua kulitoa, utapiga chafya utatema limekwisha. Linaloua ni lile usiloliona, dogo kuliko unywele mara nyingi sana, linapita koo linashuka mpaka kwenye vile vifuko vya mwisho vya hewa ndani ya pafu na likifika huko halitoki. Mwili unajaribu kulila unashindwa, unalizungushia kovu, na kovu halivuti hewa. Mwaka baada ya mwaka pafu linakuwa gumu kama ngozi ya ngoma. Hakuna dawa ya kulirudisha lilivyokuwa, na linaweza kuchukua miaka 10 au 20 kabla hujasikia chochote, ndo maana kijana akiambiwa anajibu mzee mimi niko fiti.

Kusema haki, jiwe la Manda ni matumbawe ya kale, kwa wingi ni chokaa tu, halina silika nyingi, yale madini yaliyomo kwenye mchanga na miamba migumu, na silika ndio kali zaidi kwa mapafu. Lakini vumbi la chokaa nalo likivutwa miaka linabana njia za pumzi linaleta kikohozi kisichoisha, na tena wengi wenu hamkai pahali pamoja, leo uko Maweni kesho uko bara unapasua kokoto ya mwamba mgumu, huko silika iko tele. Na mwenye silika mapafuni kifua kikuu humpata upesi zaidi kuliko mtu mwingine.

Wachimba makaa wa Marekani waliambiwa miaka na miaka kwamba kikohozi chao ni cha kawaida. Novemba 1968 mgodi mmoja huko Farmington, West Virginia, ukalipuka wakafa watu 78, nchi nzima ikashtuka, na mwezi Februari 1969 wachimbaji wa jimbo hilo kwa maelfu wakaweka zana chini, sio kwa ajili ya mshahara, kwa ajili ya mapafu. Kabla mwaka kwisha ikapitishwa sheria ya kupima vumbi mgodini, kupiga wachimbaji eksrei bure na kuwalipa waliougua. Ugonjwa ukapungua miaka mingi. Halafu ukarudi, na mwaka 2018 watafiti wakasema katika milima ile ya kati ya Appalachia, kwa waliochimba miaka 25 na zaidi, mmoja kati ya watano anao. Sababu moja kubwa ni kwamba matabaka manene ya makaa yameisha, sasa mashine zinakata na mwamba pamoja nayo, na vumbi la mwamba ni lile lile la silika. Kwa hivyo bosi akiwaletea msumeno wa mashine msifurahie tu kwamba kazi imekuwa nyepesi, mashine inasaga vumbi laini kuliko tindo na shoka.

Mwagieni jiwe maji kabla ya kukata na wakati wa kukata. Najua Manda maji ni shida, matamu yanaletwa kwa mashua, hilo ni la mwenye machimbo kulibeba na mlidai kwa pamoja, mmoja mmoja atawafukuza. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii lile vumbi dogo, inatakiwa maski yenyewe ya vumbi inayobana uso. Kaeni upande upepo unakotoka. Nguo za kazi msiende nazo nyumbani, mtoto anakukumbatia na yeye anavuta. Na sigara jamani, sigara juu ya vumbi ni kujimaliza.

Nendeni mkapimwe kifua mkiwa wazima, na mkifika kwa daktari semeni wenyewe kwanza, mimi ni mkata mawe, miaka kadhaa, msingoje kuulizwa. Sheria ya fidia ya wafanyakazi ya mwaka 2007 inatambua na magonjwa yatokanayo na kazi, sio ajali peke yake, lakini kibarua asiye na karatasi atathibitisha na nini? Kaka yangu hakuwa na hata risiti moja. Nunueni daftari, muandike mlianza lini, machimbo gani, msimamizi nani, mlilipwa ngapi.

Asiyejua kuandika avuke na daftari lake Ijumaa baada ya swala, mimi huwa niko barazani hapa Langoni mpaka magharibi, nitamwandikia.

Mzee wenu, Lamu